Mtoto Aliyesimama Pembeni

Magazetini kuna wanaosifia na kuna wanaochana, na yeye alikuwa wa kuchana. Safu yake iliitwa Jicho Kali. Ilitoka kila Ijumaa, na kwa miaka tisa watengeneza filamu waliifungua kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kifuani. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ofisini walikuwa wameshalisahau hata jina alilopewa na wazazi wake, wakimwita Jicho, naye akaitika.

Juma hilo mhariri alimpa katuni. Ilikuwa anime ya Kijapani ya mnyonya damu, sehemu kumi na mbili, imetiwa sauti za Kiswahili, na vijana walikuwa wameipenda kufa. Iliitwa Nyumba Isiyo na Kioo. Tahakiki ilitakiwa Alhamisi, mwisho saa kumi alasiri.

Jicho aliguna, lakini binti yake aliruka hadi kochi likalia. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na mitano na mdomo usiojua likizo.

"Mama, nakuomba, hiyo usiiponde. Ukiiponda sitakuwa na uso wa kwenda nao shule."

"Ikiwa nzuri nitasema nzuri."

"Hujawahi kusema nzuri tangu nizaliwe."

Siri ya ukali wa Jicho, kama ni siri, ilikuwa mama yake. Nyumba nzima ilimwita Bibi, na Bibi hakuwa akiona. Kila filamu Jicho aliitazama naye bega kwa bega, akimsimulia yaliyomo kwenye picha: nani kaingia, kavaa nini, kanuna vipi. Bibi alisikiliza maneno, akauliza maswali, na Jicho akayaandika maswali hayo daftarini. Bibi akiuliza jambo lile lile mara tatu, basi hadithi ina tundu, na tundu hilo ndilo lililochapwa Ijumaa. Watu walisifu jicho, kumbe nusu ya kazi ilifanywa na masikio ya mwanamke wa miaka sitini na saba.

Bibi hakuzaliwa hivyo. Alikuwa fundi cherehani hodari, na ugonjwa ulimjia kwa pembeni, tena kwa ustaarabu. Kwanza jioni zikawa nzito. Kisha akaanza kujigonga kwenye fremu za milango, na mtu akimjia ubavuni alishtuka kama amezukiwa na jini. Mwisho alibaki na kitundu kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo, na alipofika miaka arobaini na tano nacho kikafunga. Daktari hakuzungusha maneno: huu ni ugonjwa wa kurithi, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

Kaka yake Jicho alipimwa, akaonekana salama. Jicho hakwenda. Alijipima mwenyewe. Kila asubuhi bafuni alikazia macho pua yake kwenye kioo, akanyoosha mikono kushoto na kulia, akachezesha vidole. Akiviona, akapiga mswaki, siku ikaanza. Chiriku alipokuwa mdogo alidhani hayo ni mazoezi ya viungo, akawa anasimama nyuma yake na kumwiga. Sasa Jicho alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kwa miezi kama mitano hivi alikuwa hajajipima. Alijiambia kwamba asubuhi zimekuwa na haraka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaidizi.

Walianza kutazama Jumatatu mchana, Chiriku akiwa shule. Jicho alifunga mapazia, maana picha ilikuwa ya giza giza, akasogeza viti hadi hatua mbili kutoka kwenye televisheni kubwa aliyoinunua kaka yake.

Hadithi haikuwa mbaya. Mnyonya damu alikuwa fundi saa, mrefu, mpole, meno ameyaficha nyuma ya adabu. Alipanga chumba kwa mayatima wawili, dada wa miaka ishirini na mdogo wake wa miaka saba, ambaye hakutamka neno tangu mama yao afe. Sharti la mpangaji lilikuwa moja tu, vioo vyote viondolewe.

"Mumiani gani huyu anayepiga hodi?" Bibi aliuliza.

"Ana adabu, mama."

"Mwizi mwenye adabu ndiye anayemaliza nyumba. Endelea."

Walicheka. Katika sehemu ya tatu Jicho aliacha kucheka, akaandika kitu na kukipigia mstari.

"Yule mtoto wamemsahau," alisema. "Sehemu mbili yupo, hii ya tatu hayupo. Waandishi bwana."

Bibi aligeuza kichwa upande wake. "Hayupo?"

"Hayupo kabisa."

Tangu hapo maswali yake yakabadilika, na Jicho yakamkera bila kujua kwa nini. Hakuuliza tena kuhusu fundi saa. Aliuliza: "Pembeni ya picha pana nini?" Jicho akamjibu kuwa pembeni pana giza, wachoraji ni wavivu, wamepaka weusi pembe zote. Jumanne aliuliza: "Juzi ulijigonga meza, ilikuwa wapi?" Kwenye nyonga, Jicho akajibu, meza imekaa vibaya. Jumatano, mnyonya damu akiwa amemwinamia dada mtu shingoni na muziki umepanda, Bibi aliuliza kama ngazi za ofisini zina taa.

"Mama, watu wanauawa hapa, wewe unauliza ngazi?"

"Haya, mwanangu," Bibi alisema. "Haya."

Katika sehemu ya mwisho mtoto alichomoza kutoka kusikojulikana, akavuta pazia, jua likaingia, na fundi saa akawa majivu juu ya zulia. Jicho alifunga daftari kwa kishindo.

Alhamisi asubuhi aliandika kwa raha ya mtu aliyepata windo. Alisifu sauti. Alisifu mnyonya damu anayesikitika kabla ya kula. Kisha akachomoa upanga: "Kosa lisilosameheka ni mtoto. Kwa sehemu tisa nzima waandishi wamemsahau mtoto wa miaka saba katika nyumba yenye mnyonya damu, kisha wanamtoa mfukoni dakika ya mwisho ili awamalizie hadithi. Na wachoraji nao, kwa uvivu au kwa ubahili wa rangi, wameziacha pembe za picha zikiwa nyeusi tupu. Nyota mbili." Saa sita alituma. Alitengeneza chai na hakuinywa.

Saa nane simu ililia. Alikuwa msanifu kurasa, kijana mtaratibu aliyezoea kuomba radhi kabla ya kukosea.

"Shikamoo, dada Jicho."

"Marahaba. Imezidi maneno?"

"Hapana, imekaa vizuri kabisa. Ila natafuta picha ya kuweka juu, nimefungua zile walizotuletea wenye mfululizo. Sasa samahani, hapa umeandika mtoto amesahauliwa."

"Ndiyo."

"Mbona yupo kila picha? Yupo kulia, chini, ameshika mdoli. Hii imeandikwa sehemu ya tano. Hii ya nane, yupo kushoto, nyuma ya mlango. Au ni mtoto mwingine?"

Jicho alikaa. "Nitumie."

"Nakutumia. Na hizo pembe nyeusi, dada, kwangu mimi ni maua ya ukutani. Yamefifia, ila ni maua. Labda ulipewa nakala mbovu?"

"Labda nakala," alisema Jicho, na alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Picha ilifika kwenye simu, ndogo, ya kuenea kiganjani. Mtoto alikuwepo. Gauni la kijivu, ndara kubwa kuliko miguu, mdoli asiye na jicho moja. Alisimama pembeni akimtazama dada yake kama askari wa zamu. Nyuma yake kulikuwa na maua.

Nakala, Jicho alijiambia. Nakala mbovu. Aliwasha televisheni, akakaa kwenye kiti chake hatua mbili mbele, akaitafuta sehemu ya tano mpaka akaipata picha ile ile, akaisimamisha. Aliwatazama fundi saa na dada mtu katikati. Pembeni palikuwa na giza. Alifurahi, ndiyo, alifurahi kweli, kwa kuwa nakala ilikuwa mbovu. Kisha akageuza shingo kulia, polepole, na mtoto akaingia kwenye picha. Aliirudisha shingo, mtoto akatoweka. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano aliogopa kugeuka.

Wahenga walisema nyani haoni kundule, na wao walikuwa wakitania. Yeye alikuwa amekaa siku tatu akihakiki macho yake mwenyewe na kuwatia makosani wachoraji wa watu.

Alimpigia msanifu. "Itoe."

"Nitoe aya?"

"Itoe yote. Nimekosea mimi."

Katika miaka tisa hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo mawili yakitoka kinywani mwake. "Sawa, dada," msanifu alisema. "Nitaweka tangazo."

Bibi alikuwa jikoni, akishona vifungo kwa kupapasa kama kawaida yake, uzi umening'inia mdomoni. Jicho aliketi mbele yake.

"Mama. Yule mtoto."

"Alikuwepo," Bibi alisema. Alitoa uzi mdomoni. "Namsikia anavyoburuta ndara. Kila chumba dada yake anapoingia, na yeye huyo. Hata pale mumiani alipokuwa anainama, mtoto alikuwa anapumua pembeni."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Ulisema hayupo, na mimi namsikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia kwa mdomo gani?" Bibi aliitafuta meza kwa kiganja, akaweka sindano. "Mimi nilimgombeza mwanafunzi wangu mbele ya mteja kwamba gauni hajalitia mkanda. Mkanda ulikuwa unaning'inia hapo hapo ubavuni. Mteja akacheka, akidhani natania. Nilikuwa na miaka kama yako. Siku tatu hizi nimeomba Mungu iwe masikio yangu ndiyo yamechakaa."

Jicho alitaka kusema mambo ya maana, kwamba siku hizi kuna madaktari, kwamba atapimwa, kwamba huenda ni uchovu. Lililotoka lilikuwa dogo. "Naogopa, mama."

"Najua. Na mimi naogopa."

"Nikiacha kuona nitafanya kazi gani? Nani atakusimulia?"

"Tutasimuliwa wote wawili," Bibi alisema, na ilikuwa mzaha, lakini sauti ilimkatikia katikati.

Jicho alimshika mkono. Lilikuwepo jambo moja ambalo alikuwa akilizunguka tangu aliporudisha shingo mara ya nne, na sasa alilisema. "Si mimi tu. Nusu kwa nusu, daktari alisema. Kama mimi ninao huo ugonjwa, basi na Chiriku naye ni nusu kwa nusu. Asijue kwanza, mama. Mpaka nipimwe. Ana mitihani, anapenda kuchora, ukimwambia sasa hivi..."

"Nyamaza," Bibi alisema. Alikuwa ameinua uso.

"Lazima tukubaliane, maana yule mtoto akijua..."

"Nimesema nyamaza. Kuna mtu anapumua hapo ubavuni kwako."

Jicho aligeuza kichwa, na kwa kuwa hakikutosha, akageuza na mabega. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, hatua moja tu kutoka kwenye kiti chake, begi mgongoni, viatu mkononi. Alhamisi za mitihani walitoka mapema, na Jicho alilijua hilo.

"Umefika saa ngapi?" aliuliza.

Chiriku aliweka viatu chini, akashusha begi. Kisha akasimama wima, macho ameyakaza mbele kwenye ukuta, akanyoosha mikono yote miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, akaanza kuchezesha vidole.

Bibi alisikia kitambaa cha sare kikisogea. "Anafanya nini?"

Miaka yote Jicho alikuwa amemsimulia mama yake kila kilichokuwa mbele yake, na hakuwahi kukosa neno. Sasa ilimbidi alitafute.

"Amenyoosha mikono, mama. Anachezesha vidole."

"Anaviona?"

Wote wawili walimngoja. Chiriku aliendelea kuutazama ukuta, mikono imeanza kumshuka kwa kuchoka, na bado alikuwa hajasema neno.