Nafasi Isiyokabidhiwa

Miwani alilisema mapema, kabla hata ya kufungua mkoba wa gitaa. Alisema amechoka kushikilia nafasi ya mtu. Onyesho la jioni likiisha naye bado anaitwa mshika nafasi, basi watafute mwingine wa kuwashikia, yeye anarudi zake duka la dawa kuhesabu vidonge.

 Sindano, mwimbaji na mpiga besi wao, alipiga magoti jukwaani akijifanya anakagua waya ambao haukuwa na kasoro yoyote. Jina la Sindano alilipata kwa mambo mawili: kazi yake ni kushona makochi, na mdomo wake huchoma. Siku hiyo mdomo wenyewe ulikuwa mzito. Ukumbi umelipiwa, mashine ya kurekodi imewekwa tayari, albamu nzima inategemea jioni moja, na mpiga gitaa anatishia kuondoka. Kibaya zaidi, alikuwa na haki.

Bendi yao iliitwa Fyuzi. Ilianzia chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yao, Sindano akiwa bado binti wa shule na kaka yake akiwa kijana mwenye gitaa la kuazima na nywele zisizotaka kitana. Siku ya kwanza walipochomeka kila kitu kwa pamoja, nyumba nzima ikazimika. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nani aliyeunguza fyuzi. Hivyo bendi ikapata jina kabla ya kupata wimbo. Hawakuwahi kuwa na bosi wala kampuni. Walirekodi wenyewe, wakachapisha majalada wenyewe, na albamu zao waliziuza mlangoni mwa kumbi kama mtu auzavyo mayai, moja moja na kwa uangalifu.

Watu waliingia na kutoka. Mpiga dramu wa kwanza aliambiwa na mkewe achague, akachagua, na aliyemwona mke hakumlaumu. Mpiga kinanda alihamishwa kikazi akaacha kinanda chake kwa Sindano, na mpaka leo kinafanya kazi ya meza ya kupigia pasi. Kwa sababu ya hayo yote, kaka mtu alitunga sheria. Anayeondoka humfundisha anayeingia, ana kwa ana, wimbo kwa wimbo, mpaka na makosa yake. Siku ya makabidhiano anayeondoka husimama mlango wa nyuma akasikiliza, na wimbo wa mwisho ukianza hutoka nje, ili mgeni aupige bila kukaguliwa kama mwanafunzi wa mtihani. Hapo ndipo amekwenda kweli. Akirudi tena, hurudi kama mtazamaji, na kiingilio analipa. Ama nafasi isiyokabidhiwa, hiyo bado ni ya mwenyewe.

Kaka ndiye aliyeitunga, lakini Sindano ndiye aliyeilinda kama polisi. Mpiga dramu wa pili aliwahi kutoweka mwaka mzima bila kumfundisha mtu. Aliporudi na vijiti vyake, Sindano alimwinua kitini kijana wa watu aliyekuwa amemshikia nafasi, katikati ya mazoezi. Kijana aliondoka analia. Sheria ni sheria, Sindano alisema, na usiku huo akalala usingizi mnono.

Kisha ikaja kampuni moja kubwa. Ilitaka kuwachukua, kwa sharti wapunguze kelele na waimbe mambo ya kubembeleza. Kaka alitaka, dada hakutaka. Walirushiana maneno kule chumba cha nyuma mpaka mama akazima redio asikie vizuri. Mwishowe kaka akabeba gitaa lake akaenda, hakumfundisha mtu hata noti moja. Kampuni nayo haikumtaka akiwa peke yake, na akaishia kwenye kiwanda cha mbao upande wa pili wa mji. Siku ya mazishi ya mama yao walisalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki.

Tangu hapo kila mpiga gitaa wa Fyuzi amekuwa mshika nafasi. Hata kwenye majalada iliandikwa hivyo: fulani, anashikilia. Sindano mwenyewe ndiye aliyewafundisha nyimbo za kaka yake, kwa kumbukumbu tu. Walikuja wazuri wakaondoka wakiwa wazuri, kwa maana hakuna anayependa kulala miaka kwenye kitanda cha mgeni. Miwani alikuwa mzuri kuliko wote, na alikuwa amevumilia kuliko wote.

"Twende wimbo wa mwisho," Mwokaji alisema nyuma ya dramu. Alikuwa mwoka mikate na mpiga dramu wao wa tatu, mtu mnene mpole, aliyewahi kupiga na kaka mtu na hajamsahau. "Tukizozana hivi hata spika zitagoma."

Wimbo wa mwisho wa Fyuzi siku zote ni ule wao wa kwanza, "Ufunguo Uko kwa Jirani". Kabla ya ubeti wa mwisho, vyombo vyote hunyamaza ghafla. Ukimya unakaa mapigo manne, kisha wote huingia kwa kishindo, na watazamaji huupenda ukimya huo kuliko kelele zenyewe. Sindano alimfundisha kila mshika nafasi kuuhesabu, moja mpaka nne, na aliyewahi au kuchelewa alipata habari yake. Kaka alipenda hivyo, alikuwa akiwaambia.

Wakaupiga. Walipofika kwenye ukimya, katikati ya hesabu, mlango wa nyuma wa ukumbi ukalia. Hakuna aliyeingia kwenye ubeti wa mwisho. Mtu mmoja alikuwa amesimama pale na koti lake, mkono wa kushoto mfukoni, nywele zimempungua.

"Habari za siku nyingi," kaka mtu alisema.

 Akasogea mpaka chini ya jukwaa.

"Nimekuja kwa ajili ya nafasi yangu. Sikuikabidhi."

Sindano alimgeukia Mwokaji, na Mwokaji akavitazama vijiti vyake kana kwamba ndivyo vilivyosema.

"Ni wewe?"

"Mikate yangu inapita pale kiwandani kila asubuhi," Mwokaji alisema. "Nilimwambia tu leo kuna onyesho, na yanayosemwa na Miwani siku hizi. Damu nzito kuliko maji, dada."

"Damu ni yangu mimi. Wewe oka mikate."

Miwani alikuwa ameshachomoa waya wa gitaa. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha Sindano zaidi.

"Habari ya yule kijana wa dramu naijua," Miwani alisema. "Niambie tu niinuke, usinizungushe."

"Kaa."

"Nikae kama nani?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sindano alishuka jukwaani, akampita kaka yake bila kumgusa na kumwashiria amfuate. Wakaingia stoo ya viti, na akausukuma mlango kwa mgongo.

Miaka yote hiyo alikuwa akiifikiria siku hii. Kila alipomkatalia mshika nafasi, alikuwa anamwekea huyu. Na sasa amekuja, siku ya leo, kumpokonya mtu asiye na kosa lolote.

"Huko nyuma hukuiona njia. Umeiona leo?"

"Leo ndiyo nimeweza."

"Yule binti anazipiga nyimbo zako kuliko ulivyozipiga wewe. Amenyeshewa na sisi, amesukuma gari na sisi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye mbao."

"Basi nisikilize, kaka. Sheria uliitunga wewe, nikailinda mimi, na leo naivunja mimi. Hapa huna nafasi."

 Kaka yake alikuwa anatabasamu.

"Umekua," alisema.

"Usinichekee. Na toa mkono mfukoni unapoongea na mimi."

Maneno hayo yalikuwa ya mama yao, neno kwa neno, na wote wawili waliyatambua. Tabasamu likamtoka. Akautoa mkono taratibu, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Vidole viwili vya katikati havikuwapo. Cha mwisho kilikuwa kimekakamaa, hakikunjiki.

"Msumeno," alisema. "Mwaka jana."

Sindano alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa kimevunjika mguu mmoja, akayumba, hakuinuka.

"Ungenitumia habari."

"Niseme nini? Hatukuwa tunaongea." Aliurudisha mkono mfukoni. "Sikuja kukaa, mdogo wangu. Pale mbele yao nilishindwa kuuonyesha. Nimekuja kumfundisha yule binti, nikabidhi, yaishe. Mwokaji anasema mmepoteza watu wazuri kwa ajili yangu. Sitaki tena hilo shingoni mwangu."

Hapo ndipo Sindano alipopaswa kushukuru. Miwani angebaki, onyesho lingefanyika, albamu ingekuwapo. Badala yake alihisi hofu kubwa kuliko ya mwanzo, na ikamtoka mdomoni kabla hajaizuia.

"Usikabidhi."

"Unasemaje?"

"Ukikabidhi umeondoka."

"Niliondoka zamani."

"Hapana. Ulikasirika tu. Mtu aliyekasirika hurudi."

Kaka yake akautoa tena mkono mfukoni. "Kwa hiyo yule binti aendelee kumshikia nafasi mtu asiye na vidole?"

 Sindano akajisogeza pembeni, na kaka yake akafungua mlango, akatoka.

Walikaa ukingoni mwa jukwaa, Miwani na gitaa lake, kaka mtu na mdomo wake, maana alichoshindwa kwa vidole alikiimba. Mwanzoni Miwani alikaa wima kama yuko kituo cha polisi. Kidogo kidogo bega likalegea. Nyimbo zilipita moja baada ya nyingine, na mara mbili tatu kaka mtu alitikisa kichwa akasema hapo acha, ya kwako ni nzuri kuliko yangu. Sindano alikuwa nyuma ya pazia anakunja waya uleule, anaukunjua, anaukunja tena. Hakutaka kusikia, na hakukosa neno.

"Huu wa mwisho naujua," Miwani alisema. "Hapa nahesabu nne."

"Nani kakwambia uhesabu?"

"Sindano."

Kaka mtu akacheka, cheko lake la zamani lile la puani. "Hapo hakuna hesabu. Mtazame mkono wake wa kushoto. Ukifika chini ya shingo ya besi lake, ndipo muingie. Na wewe Mwokaji, umfuate binti."

"Kwa nini mkono?"

"Alikuwa mtoto. Besi lenyewe lilikuwa refu kumzidi, na pale anatakiwa kuutoa mkono juu kabisa ya shingo aupeleke mpaka chini. Hakuwa anawahi. Basi tukawa tunanyamaza, tunamsubiri afike. Mambo yenyewe ndiyo hayo."

"Yeye anajua?"

"Nilimwambia ndio mtindo wa kisasa. Angejua, angelia, halafu mama angetufungia chumba."

Nyuma ya pazia waya ulimwanguka Sindano. Aliwakumbuka wote aliowafokea juu ya mapigo yale manne. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, alikaribia kutoa machozi. Kumbe wote aliwafundisha kumsubiri yeye. Aliona aibu, kisha akakasirika, kisha akampenda kaka yake kupita kiasi, na hilo ndilo lililomuuma.

Jioni ukumbi ulijaa. Mashine ya kurekodi ikawashwa, taa zikashuka, na Fyuzi wakapiga kama watu wanaodaiwa. Kaka mtu alisimama mlango wa nyuma, koti begani, kama sheria inavyotaka. Kila wimbo ulipoisha Sindano alitazama kule. Nyimbo zilizobaki zilikuwa zinapungua, na hakuna kitu alichoweza kufanya kuzirefusha.

Kabla ya ule wa mwisho akaisogelea maikrofoni.

"Kwenye gitaa," alisema, "ni Miwani. Mwenye nafasi."

Watu walipiga makofi ya kawaida, maana kwao hilo halikuwa na uzito wowote. Miwani aliinamisha kichwa na kurekebisha uzi ambao ulikuwa sawa. Mwokaji akahesabu kwa vijiti, na "Ufunguo Uko kwa Jirani" ukaanza.

Sheria ilimtaka kaka mtu atoke hapohapo. Hakutoka. Alivaa koti polepole, akafunga vifungo kwa mkono ule mbaya, kimoja kimoja, akapeana mkono na mlinzi. Beti zikapita. Sindano aliimba huku anamtazama juu ya vichwa vya watu, mpaka akauona mlango unafunguliwa na mwanga wa taa ya nje unaingia. Mguu mmoja wa kaka yake ulikuwa tayari nje.

Vyombo vikanyamaza.

Mkono wa kushoto wa Sindano ulitoka juu ya shingo ya besi. Njia ya kushuka uliijua, siku hizi ungefika kabla mtu hajapepesa jicho. Aliuacha hewani.

Miwani alikuwa ameukazia macho. Moja, mbili, tatu, nne zikapita, hakuingia. Vijiti vya Mwokaji vilibaki juu, jasho likimchuruzika. Watu walishika pumzi, halafu wakaichoka, mmoja akakohoa, mwingine akacheka kidogo akanyamazishwa. Mashine ilikuwa inarekodi ukimya. Sindano hakumtazama yeyote kati yao.

Kule mlangoni kaka yake alisimama. Ukimya ule ulikuwa umepita kipimo, na masikio yake yaliujua kuliko ya mtu yeyote ukumbini. Aligeuka haraka, uso umejaa wasiwasi, kama wa kijana yule wa chumba cha nyuma alipoona mdogo wake amepotea njia. Akaurudisha mguu ndani. Kisha, mkono wake wenye vidole vilivyobaki ukiwa juu ya kitasa, akatulia, akamsubiri.

Sindano alimtazama mpaka akashiba. Ndipo akauteremsha mkono, na wote wakaingia.