Mpaka Jiwe Lichoke

Nikianza kusema habari za mateke, watu wa Ndosho, mutaa wetu hapa Goma, wananikimbia, wanajua sitanyamaza. Wakimbie. Miaka saba nilikaa pembeni ya televisheni na mikro mukononi, katika ciné-vidéo ya Papa Akonkwa, nyumba ya kuonyeshea filme, nikitafsiri filme za Wachina, na hakuna mutu katika quartier ile aliyetazama miguu kuliko mimi. Leo kila kijana ana simu, anatazama mateke ya sekunde thelathini, halafu anakuja kunifundisha. Anifundishe nini? Wanasifu teke la juu. Teke la juu hata mbuzi anaweza. Tazama muguu unavyorudi. Wengi wanajua kuutuma. Kuurudisha bila mwili kuyumba, hiyo ndiyo kazi. Na ukiona picha inakatwa kabla ya muguu kufika, ujue yule bwana hajui kitu, aliyepiga ni fundi wa kukata picha.

Filme zilitufikia kwa njia ya Bunagana, kule mpakani, ndani ya magunia, bila maandishi ya Kifaransa chini. Majina ya wachezaji hatukuyajua, tukawabatiza wenyewe. Kulikuwa na Helikopta, aliyezunguka mara tatu kabla ya kupiga. Mimi sikumupenda, kelele nyingi. Kulikuwa na Talon, muzee mwembamba aliyeshusha kisigino toka juu kama mutu anayepasua kuni. Na juu ya wote kulikuwa Mama Sizo, ndiyo kusema Mama Mukasi. Mwanamuke mufupi, uso wa mutu anayeenda sokoni, hana hata hasira. Anaruka, muguu wa kushoto unakukamata shingo, wa kuume unafika nyuma ya goti, weye umekwisha kulala chini. Na picha haikatwi hata mara moja. Watu wa Talon na watu wa Mama Sizo walibishana mpaka kwenye mulango wa kanisa, misa imekwisha kuanza.

Sasa niseme lililo kweli. Kichina sikukijua, hata neno moja. Wote tuliofanya kazi ile tulifanya vilevile: unatazama midomo, unatazama macho, unatia maneno. Bwana mukubwa wa filme akikasirika, nilimutukanisha kwa Kiswahili chetu cha hapa, na salle nzima, ukumbi wote, inashika mbavu. Ulimi hauna mufupa, na wangu ulikuwa laini kuliko wa wengine. Nilijivunia sana, sitaficha.

Rosine alikaa benchi ya mbele kila Jumamosi, saa nane ya muchana. Alikuwa binti wa Mama Séraphine, muuza makala ya kupikia, familia ya Butembo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko katika club ya karaté ya Maître Baharanyi kule Katindo, na alikuwa na miguu. Nasema alikuwa na miguu, na hilo silisemi kwa kila mutu. Muguu wake ulienda ukarudi, bega halikutikisika. Siku moja nilitangaza katika mikro, mbele ya wote, kwamba Mama Sizo amezaliwa mara ya pili hapa Ndosho. Akainamisha kichwa, akacheka. Nilimupenda, basi. Kumwambia sikumwambia, nilidhani mikro inatosha.

Mwaka ule walimuchagua katika timu ya provensi, kwenda kushindana Kinshasa. Alikuwa musichana pekee wa huku kwetu. Mama Séraphine alishonesha pagne mpya ya kitenge kwa ajili ya siku ya kumusindikiza uwanja wa ndege, na wateja wake walionyeshwa ile pagne kabla ya kupimiwa makala. Rosine mwenyewe hakusema sana. Alikuwa anataka Kinshasa kuliko kitu chochote, ungeona kwa macho tu.

Jumamosi moja, zimebaki wiki tatu, tulitazama ile filme ambamo Mama Sizo anajitayarisha kwa pambano la mwisho. Amepiga magoti mbele ya mwalimu wake, na yule muzee anasema, anasema, dakika nzima. Rosine, aliyeniita yaya kama kaka yake mukubwa, akainua mukono kama yuko darasani.

“Yaya Gauthier, simamisha. Rudisha kidogo. Pale anamwambia nini? Anamufundisha namna gani?”

Watu kama hamsini wananitazama, na yeye ananitazama kuliko wote. Ningesema tu: Rosine, mimi sijui. Nani angenipiga? Lakini nikaleta mikro karibu na mudomo, nikatoa sauti nzito.

“Anasema: muguu usiojua jiwe hautamujua adui. Kila asubuhi piga jiwe mara mia, mpaka jiwe lichoke.”

Walipiga makofi. Papa Akonkwa mwenyewe alipiga makofi, muzee asiyesifu mutu bure. Nikaendelea na filme, nimejaa.

Na mawe, hapa Goma, nani atayakosa? Volkano ilitumwagia, tukajenga juu yake na kwa hayo hayo mawe meusi yenye meno. Ukuta wa parcelle, kile kiwanja cha Mama Séraphine, ulipangwa kwa mawe hayo, moja juu ya lingine, bila simenti. Rosine hakuhitaji kwenda mbali.

Siku ya sita nilipita kwao asubuhi, kisingizio nanunua makala. Mama Séraphine akaniambia binti yuko nyuma ya nyumba. Nikamukuta anapiga ukuta. Alikuwa amefunga muundi na kitambaa cha pagne, damu imekwisha kupita, na anahesabu kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, amekwisha kupita sitini: soixante et un, soixante-deux. Aliponiona akaacha. Akakaa juu ya bidon ya maji, akafungua kitambaa, akanionyesha. Muundi ulikuwa umevimba, una rangi ya bilinganya.

“Yaya, inauma hata nikilala,” akasema. “Ni hivyo inapaswa kuwa?”

Mungu anajua, neno lilifika kwenye meno. Nikawaza: nikisema, kesho salle yote itajua Gauthier hutunga. Nikawaza tena: hatanitazama hivi siku nyingine. Vile alivyonitazama, nani asingependa kutazamwa vile?

“Inauma kwa sababu mufupa unajikaza,” nikamwambia. “Mama Sizo pia alilia.”

Akafunga kitambaa. Nikachukua makala yangu nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia: soixante-trois.

Wiki iliyofuata mufupa ulivunjika kule Katindo, katikati ya mazoezi, kwa teke jepesi ambalo hata mutoto angelizuia. Timu ikapanda ndege bila yeye. Mufupa ukaingia usaha, wakamupasua mara tatu, na muguu ule ukabaki mufupi kuliko mwenzake. Ile pagne Mama Séraphine aliivaa kumuleta nyumbani toka hospitali, maana ndiyo ilikuwa safi.

Nilikuwepo siku Maître Baharanyi alipokuja kumuona. Alisimama karibu na kitanda, mutu mukubwa vile, akainama kuutazama muguu.

“Nani alikufundisha ujinga huu?”

“Ni mimi mwenyewe, Maître,” Rosine akasema.

Mimi nilikuwa nakaa pale pale, namumenyea chungwa. Nikaendelea kumenya. Nikikumbuka mikono yangu siku ile, hasira inanipanda, natamani kuikata.

Baadaye ciné-vidéo ilikufa, simu zikaiua, na mimi nikawa fundi wa hizo hizo simu. Nilioa, nikazaa. Rosine nilimuona kwa mbali tu. Nikiona anakuja na kule kuchechemea kwake, nageuza njia, napitia kwenye mawe kama mwizi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilienda miaka kumi na nne.

Mwezi uliopita jirani mumoja aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka, na katika kuzungumza akasema Rosine sasa anafundisha wasichana mateke, nyuma ya parokia, kila Jumamosi. Wako zaidi ya ishirini.

“Anawafundisha namna gani?” nikauliza.

“Kama yeye alivyofundishwa,” jirani akajibu.

Niliweka bisibisi chini. Niliona miundi ishirini inavuja damu juu ya ukuta, na maneno yangu yako katika vinywa vya watoto wa watu. Nikaapa: Jumamosi hii nitaenda, nitasema mbele ya wote, anitemee mate akitaka.

Nikaenda. Wasichana walikuwa wamepanga mustari, na walikuwa wanapiga matairi ya zamani yaliyofungwa na mousse ya matela, ile sponji ya godoro. Hakuna jiwe. Miundi yao ilikuwa mizima, inang'aa mafuta. Rosine alipita kati yao na fimbo yake ya kutembelea, anagusa goti hili, bega lile. “Rudisha,” aliwaambia. “Kutuma si kitu. Rudisha.”

Ningeweza kurudi nyumbani palepale, hakukuwa na muguu wa kuokoa. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikamusalimia, nikamuomba tusogee pembeni, nikamwaga yote haraka kama mutu anayetapika: kwamba yule muzee wa filme sikujua alisema nini, kwamba habari ya jiwe niliitunga mimi, kwamba Kichina sikijui hadi leo.

Alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya.

“Gauthier, unadhani nani hakujua? Ndosho nzima ilijua. Muchina anasema neno moja, weye unasema sala nzima. Tulikuja kukusikia weye, si Muchina.”

Nikamuuliza: “Sasa kama ulijua, kwa nini ulipiga lile jiwe?”

“Ni juu weye ulisema.” Alihamisha fimbo toka mukono huu hadi ule. “Weye ulikuwa umetazama miguu kuliko sisi wote. Nikajiambia, hata kama ametunga, mimi hawezi kunitungia kitu cha kuniharibu.”

Nikasema, “Unisamehe, Rosine.”

“Kutunga nilikusamehea zamani, ilikuwa kazi yako.” Sasa hakuwa anacheka. “Lakini siku ulipokuja kununua makala, nilifurahi kukuona, wajua? Nilikuwa nimechoka na naogopa. Nilifungua kile kitambaa ili uuone muguu, uniambie niache. Nilikuwa nangojea neno moja tu. Ningeacha palepale, ningepumzika, na Kinshasa ningeenda.”

Wasichana walikuwa wanamuita. Akaenda kwao, taratibu, na ule muguu.