Ncha za Boriti

Posta ya zamani ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, kuta za mawe na chokaa, na mlango ambao haujafunguliwa tangu wino ulipokauka kwenye mihuri yake. Idara ya mambo ya kale iliizungushia mstari mwekundu kwenye ramani na kusema kwamba ndani ya mstari huo asiguse mtu. Nje ya mstari mwenye kiwanja alikuwa huru kujenga anachotaka, naye alitaka majengo mawili marefu ya ofisi, moja kila upande, vioo kuanzia chini hadi juu.

Kazi ya kuyachora ilimwangukia msanifu kijana, mwanamke mpole wa kusema, ambaye kwenye vikao alizoea kungoja wenzake wamalize kubishana ndipo atoe lake, na mara nyingi kikao kilikwisha kabla hajafungua mdomo. Safari hii mchoro ulimsemea. Aliyasogeza majengo yote mawili nyuma, akaacha uwanja mpana, na katikati ya uwanja akaiweka posta peke yake, ionekane pande zote. Mwenye kiwanja aliizunguka modeli ya kadibodi, akainama, akasema, "Sasa inapumua." Mkuu wa ofisi, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Rula kwa jinsi alivyonyooka na alivyotaka kila kitu kinyooke, alimpongeza mbele ya watu. Jina lake likaandikwa la kwanza kwenye kona ya michoro.

Ili posta ipumue, maduka yaliyoibana ubavuni yalikuwa lazima yabomolewe. Yalikuwa madogo, hayana sura wala historia. La mwisho, lililogusana na posta kabisa, lilikuwa la fremu za picha, na mwenye duka alikuwa mama mkubwa wa msanifu, dada wa mama yake.

Mama mkubwa hakungoja kuambiwa. Alifika nyumbani kwa mdogo wake, akawakuta mama na binti, akakaa kwenye kochi bila kuvua mtandio.

"Mwanangu, hiyo kalamu yako haiwezi kuteleza kidogo?"

"Mama mkubwa, siku hizi tunachora kwa kompyuta."

"Basi kompyuta iteleze."

Wakacheka wote watatu. Kicheko kilipoisha, jibu lilikuwa palepale. Msanifu alieleza kwa sauti ya chini kwamba mchoro si mali yake, kwamba akianza kupindisha mistari kwa ajili ya ndugu hataaminiwa tena. Mama yake alikazia macho zulia. Ilikuwa chini ya meza ya duka lile, akingojea mama yake atoke kazini, ndipo mtoto huyu alipojifunza kuchora mstari ulionyooka, kwa rula ya chuma ya kukatia kadibodi. Hakuna aliyelitaja hilo, na kwa kuwa halikutajwa lilijaa sebule nzima.

"Haya," mama mkubwa alisema akiinuka. "Angalau uje unisaidie kuhama. Au na hilo ni kupindisha?"

Alikwenda Jumamosi. Duka lilinuka gundi na vumbi la mbao. Mama mkubwa alipanda ngazi, akawa anateremsha fremu moja moja kutoka kwenye vigingi vya ukuta wa ndani, naye msanifu akizipokea na kuzifunga kwa magazeti. Vigingi hivyo alivijua tangu utotoni. Kile cha chini ya dirisha dogo alikuwa akipanda juu ya meza kutundikia begi lake la shule. Sasa, fremu zilipopungua, aliviona vyote kwa pamoja kwa mara ya kwanza. Vilikuwa vinene kama paja, vya mbao nyeusi iliyokatwa kwa shoka, vimejipanga mstari mmoja, na kati ya kimoja na kingine nafasi ilikuwa ileile.

Nafasi hiyo aliijua. Alikuwa ameichora mwenyewe.

Aliweka fremu chini, akamwomba mama mkubwa ashuke, akapanda ngazi, akashika mbao kwa mkono. Hazikuwa vigingi. Zilikuwa ncha za boriti zilizobeba sakafu ya juu ya posta. Kwenye mchoro wake boriti hizo ziliishia katikati ya ukuta, kwa sababu mstari mwekundu ulipita katikati ya ukuta, na ulipita hapo kwa sababu ndivyo wachoraji wa ramani wanavyogawa ukuta wa majirani: nusu yako, nusu yangu. Waliojenga posta hawakujua habari za nusu. Ukuta ulikuwa mmoja. Ukibomoa duka mpaka kwenye mstari, unachukua nusu ya unene wake na vichwa vyote vya boriti.

"Umeona nyoka?" mama mkubwa aliuliza.

"Hapana. Acha kwanza kuteremsha."

Jumatatu asubuhi alipiga moyo konde, akaingia kwa Mzee Rula na kumweleza. Mzee Rula alisikiliza huku akinyoosha karatasi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

"Hilo duka ni la nani?"

"La mama yangu mkubwa."

"Aa." Akanyoosha karatasi nyingine. "Na umeanza kuingia humo lini?"

"Tangu utotoni."

"Boriti umeziona lini?"

"Juzi." Akaona haitoshi. "Zamani nilikuwa natundikia begi."

Mzee Rula alimtazama kama mtu anayetazama ukuta uliopinda. Habari ilifika kwenye meza za wenzake kabla yake. "Jamani," mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "mimi shangazi yangu ana saluni. Nani atanitafutia boriti?" Watu wakavunjika mbavu. Msanifu naye alitabasamu, kwa kuwa hakujua uso mwingine wa kuweka.

Mhandisi aliletwa. Alibandua chokaa kidogo, akaingiza tochi, akagonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole. Hakumjua mwenye duka wala mtoto wa mdogo wake. "Mkigusa huu ukuta," alisema, "mnaondoka na sakafu." Idara ya mambo ya kale ikausogeza mstari mwekundu mpaka upande wa pili wa duka. Jengo moja refu likabidi lisogee na kukonda, uwanja ukapungua ukabaki kichochoro, na mwenye kiwanja akaomba mchoraji mwingine.

"Majengo ashike mwenzio," Mzee Rula alimwambia. "Wewe shika posta." Jina likafutwa kwenye kona ya michoro.

Jioni ile mama mkubwa alipiga simu. Alianza na vigelegele.

"Nilijua hutanitupa, mwanangu!"

"Mama mkubwa, sikufanya kwa ajili yako."

"Ee, sema hivyohivyo wakikuuliza."

Kushika posta kulikuwa na kazi moja ya haraka: kuandika masharti ya matumizi kwa kila kilicho ndani ya mstari mwekundu, na duka sasa lilikuwa ndani. Rangi ya mafuta, marufuku. Kutoboa, marufuku. Akafika kwenye kazi za kugonga na kutikisa, vidole vikasimama juu ya kibodi. Angeweza kuliruka hilo. Lakini alikumbuka jinsi mama mkubwa alivyokuwa akifagia unga mweupe chini ya boriti kila asubuhi, akinung'unika kwamba nyumba inazeeka kama yeye, kisha anakaa kugonga fremu siku nzima. Ule unga ulikuwa chokaa ya ukuta, ikipukutika kwa kila pigo la nyundo. Akaandika sharti, akalisoma, hakulilainisha.

Alilipeleka mwenyewe. Fremu zilikuwa zimerudishwa zote ukutani. Mama mkubwa alisoma akiwa amesogeza karatasi mbali na macho.

"Hata msumari mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hata kale kadogo ka nyuma ya kioo?"

"Unakagongea mezani. Meza imeegemea ukuta."

Mama mkubwa aliitazama meza kana kwamba imemsaliti. Akakunja karatasi, akaiweka chini ya kopo la gundi.

"Wangebomoa, ningewachukia wao," alisema. "Sasa nimchukie nani?"

Akavuta ngazi, akamwonyesha msanifu kwa kidevu pa kushikilia, akaanza tena kuhama: akateremsha fremu, ya kwanza, ya pili, mpaka ukuta ukabaki na ncha nyeusi peke yake. Akashuka. Akachukua mkoba wake, akapanda tena ngazi na kuusogeza hadi kwenye boriti ya chini ya dirisha, akausimamisha hewani.

"Na begi?"

Msanifu aliutazama mkoba, akakadiria uzito wake, akaitazama boriti.

"Begi linaruhusiwa," alisema.