Msimu Ngamia Walipozuiwa

Kabla ya alfajiri, ughaibuni Edmonton, Bi Mwanamwema alisikia mfuniko wa sufuria ukigonga jikoni. Alishuka ngazi polepole kwa sababu ya goti, akamkuta mwanamume amekaa mezani, midomo imempasuka, nguo zimekakamaa kwa chumvi. Mlango ulikuwa bado na komeo. Mgeni alikuwa amekufa miaka mia saba iliyopita. Bi Mwanamwema alimpa maji kwanza, kama walivyozoea kwao Pemba, kisha akabandika uji.

Mgeni alionja kijiko kimoja akakiweka chini.

"Samahani, mama. Umetia chumvi."

Alieleza bila kulalamika. Alikuwa mtumwa machimboni, katikati ya jangwa, mahali pasipoota kitu, hata kuta za nyumba ni mabamba ya chumvi. Ngamia waliokuja kuchukua chumvi ndio waliowaletea tende na mtama. Mwaka mmoja hawakuja. Alichotaka kujua ni kwa nini tu.

Bi Mwanamwema aliumwaga uji ule akapika mwingine.

Mjukuu wake Zahra alishuka na sare ya shule, akamwamkia mgeni kwa Kiingereza, akasogeza begi lake ili mgeni anyooshe miguu. Darasani walikuwa wakisoma jinsi biashara ya jangwani ilivyotajirisha dola za kale. Bibi alimwambia afungue kitabu amtafutie mgeni jibu. Mtoto akasoma, bibi akatafsiri: mfalme alitoza ushuru chumvi ikiingia, akatoza tena ikitoka, akanunua farasi, akaunda jeshi. Halafu, chini ya picha ya mfalme ameshika donge la dhahabu: chumvi ilipojaa sokoni, misafara ilizuiwa msimu mzima ili bei ipande. Kwa busara hiyo dola ilizidi kupata nguvu.

"Arudie hapo," mgeni alisema.

Zahra alirudia.

"Na bei ilipanda?"

"Ilipanda, mwanangu."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita. Aliomba jambo moja: mtoto aseme shuleni kwamba na wao, watu wa machimboni, walikuwepo.

Zahra aliyasema katika insha yake. Mwalimu, mtu mpole, alimsifu kwa habari za ushuru na bei, akambandikia nyota, akamwomba aiondoe sehemu ya mgeni, maana mtihani hauiulizi.

Kesho yake alfajiri mgeni alirudi, na Bi Mwanamwema akamweleza hivyo hivyo, bila kupunguza neno. Mgeni aliuliza kama mtoto aligombezwa. Hakugombezwa. Basi akamaliza uji, akaosha bakuli mwenyewe.

"Wenzako wako wapi?"

"Wako nje, mama. Wanaona haya kuingia."

Bi Mwanamwema alifunua pazia. Walijaa uani, kati ya mapipa ya taka na kamba ya nguo, na nyuma ya ukuta waliendelea mpaka kwenye reli. Wengine walibeba watoto. Treni ya kwanza ya Edmonton ilipita katikati yao.

Aliitazama sufuria yake, akaishusha sufuria kubwa ya kupikia shughuli kutoka juu ya kabati.

"Kesho njoo tena, mwanangu," alisema. "Uje nao."