Mtawala wa Iwase na Mwanawe

Msabaha Khatib alipanga chumba kimoja Walthamstow, juu ya duka la viatu, na humo ndimo alimoandika maisha ya Tadakage, mtawala wa ngome ya Iwase. Tadakage hakuwahi kuwepo duniani. Msabaha alimbuni baada ya kusoma vitabu vya Ujapani katika maktaba ya mtaa, pale idhaa ya Kiswahili aliyokuwa akiifanyia kazi mjini London ilipotaka mchezo wa redio wa kila wiki.

"Kitu cha mbali kidogo, bwana," alimwambia Jotham, mtayarishaji wa vipindi kutoka Kakamega. "Mambo ya karibu yana matatizo."

Ilikuwa miaka michache tu baada ya mapinduzi ya Unguja. Msabaha, aliyetoka huko, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Akamwandika mtu wa mbali. Tadakage alizaliwa na samurai, askari wa upanga, aliyekuwa maskini. Akiwa bado hajaota ndevu alilinda daraja peke yake usiku kucha, na bwana wake akamzawadia farasi na kijiji. Kile kijiji hakikumtosha. Alichoma mashamba ya mpunga ya jirani zake, akaoa binti wa adui, akamuua kaka yake mwenyewe aliyekataa kumpigia magoti. Mvi zilipomwingia, bonde zima la Iwase lilikuwa lake, wala hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Sauti ya Tadakage aliitia Msabaha mwenyewe, na aliichukua kwa baba yake. Mzee Khatib alikuwa mwalimu mkuu, mwenyeji wa mtaa wa Mkunazini, Unguja mjini, mtu wa kusema jambo mara moja na kungoja litendeke. Siku Msabaha alipomwambia kwamba anaondoka kwenda Ulaya, mzee hakupandisha sauti. "Mimi nyumba hii sitoki," alisema. "Na mwenye kuikimbia asiniite baba." Msabaha aliondoka, na tangu hapo hawakuandikiana.

Katikati ya mchezo, Tadakage anamwamuru mwanawe, Yoshinao, achome hekalu walimojificha wanawake na watoto wa adui. Kijana anarudisha upanga alani na kutoka nje ya ngome. Baba yake anamwambia langoni, taratibu, "Mwenye kuikimbia nyumba hii asiniite baba."

Nyuma ya kioo cha studio, Jotham alivua vidude vya masikioni. "Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Nimeyabuni," alisema Msabaha.

Wasikilizaji waliupenda mchezo. Ulipokaribia mwisho, Tadakage alikuwa mzee, washirika wake wamemgeuka, ngome imezingirwa katikati ya theluji. Akamtuma mjumbe kwa Yoshinao, aliyekuwa akilima nyuma ya milima, kumwomba arudi. Hapo Jotham na Msabaha wakabishana.

"Mwache kijana aje," Jotham alisema. "Watu wamemngojea sana."

"Haji."

"Hata baba yake akiwa anakufa?"

"Watu kama hawa wamezoea kusamehewa kwa kuwa wamezeeka tu. Haji, Jotham."

Hakuja. Yoshinao alimpa mjumbe supu ya moto, akamwambia, "Kamwambie bwana wako sina baba. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia." Tadakage alikaa dirishani akiitazama njia ya mlimani mpaka lango lilipovunjwa. Msabaha alitoka studio siku ile akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alikula vizuri na kulala vizuri.

Baada ya miezi kadhaa alipata simu ya maandishi kwamba Mzee Khatib amefariki. Alilia, ingawa alijiambia kwamba mzee alikuwa amemfuta moyoni siku nyingi.

Kisha dada yake mkubwa, Mardhiya, akafika Woolwich, huko huko London, kusomea uuguzi. Msabaha alimfuata kwenye bweni lao, wakakaa jikoni. Waliulizana habari za watu wote kwanza. Mwishowe Mardhiya akasema, "Alikuwa akikusikiliza."

"Nani?"

"Baba. Kila wiki. Redio tukiifungulia chini chini, madirisha tumeyafunga. Mara ya kwanza alicheka. Akasema, mtoto huyu ananiiga."

Msabaha aliinuka akafunga mlango wa jikoni.

"Siku ulipomfukuza yule kijana langoni, aliniuliza, 'Hivyo ndivyo nilivyomwambia?' Nikamjibu, ndivyo. Tokea hapo akawa anataka nikuandikie kwa niaba yake, kwani macho yake yalikuwa yameharibika. Lakini kila nikikaa kuandika ananiambia tungoje kidogo, tusikie yule bwana atafanya nini. Bwana alipotuma mjumbe, baba alifurahi. Akaniambia wiki ijayo tutaandika."

"Na wiki ijayo?"

"Redio aliizima mwenyewe. Asubuhi nikamwendea na kalamu. Akaniambia, 'Usijisumbue, mwanangu. Ameshanijibu.'"

Nje wanafunzi wa kike walikuwa wakicheka kwenye ngazi. Msabaha alingoja wapite.

"Ulikuwa mchezo tu, Da Mardhiya."

"Najua. Nilimwambia hivyo."

"Akasemaje?"

"Akasema una haki."

Kesho yake Msabaha alimwendea Jotham, akamweleza yote, akaomba sehemu ya mwisho irekodiwe upya. Safari hii Yoshinao angepanda mlima na kufika. Jotham alimsikiliza bila kumkatiza.

"Studio nitakufungulia ukitaka," alisema kwa upole. "Lakini ndugu yangu, ni nani unayetaka asikie?"

Msabaha aliangalia mikono yake, akasema basi, waache.

Jumapili walimsomea mzee hitma kwa Rajab, Mpemba mmoja aliyekuwa na nyumba Woolwich. Walikuja watu wengi kuliko walivyotarajia, baadhi wakiwa wamesomeshwa na marehemu. Baada ya dua, sinia za wali zikiwa zimeondolewa, Rajab alimsogelea Msabaha akamshika bega.

"Ule mchezo wa Mjapani ulitukosha sana hapa," alisema. "Hebu tusikilizishe kidogo ile sauti ya bwana mkubwa. Watoto hawaamini kuwa ni wewe."

Watoto wawili walimtazama, wakanong'onezana kwa Kiingereza.

"Siiwezi tena," alisema Msabaha.

Rajab alidhani anaona haya, akambembeleza. Msabaha akachukua birika, akammiminia chai, akamuuliza sukari anatia kiasi gani.