Shawa ya Nyumbani kwa Fundi

Kitu cha kwanza Nelci alichokiona ni soksi. Evandro, mumewe, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda Jumamosi ile asubuhi, anavaa soksi za kijivu ambazo mama yake alimfumia na ambazo zilikaa kabatini majira yote ya baridi. Siku nyingine huvaa zile zenye matundu, kidole gumba kikichungulia nje kama kichwa cha kobe.

Nelci alijaza maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani, akampa, akamtazama akinyonya mrija.

"Leo unaanzia wapi?" aliuliza hatimaye.

"Kwa Jandira. Shawa yake imekufa tena."

"Tena?"

"Tena."

Kwa Jandira mtu huvua viatu mlangoni. Mji mzima wa Urupema unajua, maana sakafu yake ya mbao inang'aa kama sahani. Ndiyo maana ya soksi.

Kila mwaka, barafu ya alfajiri ikikoma na mitufaha ikianza kuchanua, Evandro huzunguka nyumba za watu kukagua umeme. Baridi ya huku juu milimani huacha madhara yake. Hita zimewaka usiku na mchana mpaka soketi zimekuwa nyeusi, panya waliokimbilia darini wametafuna waya. Evandro hunusa soketi moja moja kama anayenunua samaki. Mwisho hugeuza kitasa cha shawa ya umeme kutoka kwenye alama ya majira ya baridi kwenda ya majira ya joto. Kazi hiyo mtu angeweza kujifanyia mwenyewe, ila wengi hukigeuza huku maji yanatiririka, na koili inayopasha maji inaungua papo hapo.

Ya Jandira ilikuwa imeungua mara tatu. Jandira ni mshona nguo, mumewe kamwacha, na kicheko chake husikika mpaka barabarani. Nelci, yeye, kwa sauti yake ndogo, hata dukani huombwa arudie alichotaka.

Evandro alipoondoka, Nelci alitoka kuanika nguo. Jirani yake Zulmira alikuwa ameshaegemea ua.

"Shoga, mumeo kapanda tena kilimani?"

"Kapanda."

"Hiyo shawa ya Jandira nayo! Inaugua kuliko bibi yangu, na bibi yangu alishazikwa."

Nelci alitabasamu.

"Unacheka? Ningekuwa mimi ningepanda nikaisalimie hiyo shawa, niijulie hali."

Nelci alibana nguo ya mwisho kwenye kamba. Ilikuwa kipande cha fulana kuukuu, kile anachozungushia koki ya bafuni kwake.

Kinyozi hajinyoi. Baridi ilipoanza, Evandro aliwafungia koili yenye nguvu zaidi, akaacha waya wa ardhi, ule wa kijani unaozuia shoti, unaning'inia kwenye tundu la dari. "Nitaufunga kesho," alisema, na kesho hiyo ilikuwa haijafika. Tangu hapo koki ikawa inatekenya vidole. Siku za mwanzo ilikuwa kama mdudu anayetembea, baadaye ikaanza kuuma. Nelci akaizungushia kitambaa, akaoga na ndala za mpira. Akamwambia na mama mkwe wake, bibi Otília, aliyeishi nao, "Mama, uvae ndala bafuni, sakafu ni baridi." Bibi akavaa.

Lakini Nelci hakumwambia Evandro. Alitaka aone mwenyewe. Nyumba za watu anazijua mpaka harufu, na yake haoni hata kitambaa kilichofungwa mbele ya macho yake anapooga! Kila kitambaa kilipolowa, Nelci alikikamua kwa nguvu, akajiambia: ataona. Siku ataona.

Aliporudi jikoni akaikuta testa ya Evandro, bisibisi yake ya kupimia umeme, mezani, kando ya kibuyu. Fundi kasahau testa! Alikuwa na haraka gani? Nelci aliiokota, akatoka vilevile alivyokuwa, akakipanda kilima akihema.

Buti za Evandro zilikuwa mlangoni kwa Jandira, zimepangwa pamoja, ncha zikitazama nje. Nyumbani huzitupa moja huku, moja kule. Nelci alizitazama buti hizo muda mrefu kuliko alivyotaka.

Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Evandro alisimama juu ya kigoda na soksi zake mpya, Jandira chini yake akimshikia tochi.

"Usinigombeze, fundi. Nina povu mwili mzima, natetemeka, halafu nifunge maji kwanza?"

"Ndiyo, funga kwanza. Ukigeuza maji yakitoka unaikaanga hii koili. Nikwambie mara ngapi?"

"Kaanga na mimi basi, yaishe!" Jandira akaangua kicheko, mwanga wa tochi ukarukaruka ukutani.

Evandro hakucheka. Alishuka, akajipangusa mikono, na sauti yake ikawa ya upole, sauti ambayo Nelci hakuwa ameisikia siku nyingi. "Haya, niambie. Koki inakutekenya? Kuna soketi inayonuka? Kuna mahali popote humu ndani unaogopa kugusa?"

Kicheko Nelci angekivumilia. Na soksi pia. Lakini maswali yale!

Jandira akamwona. "Aa, jirani, karibu! Vua vi..." Akaitazama miguu ya mgeni wake. "Mwenzangu, umepanda kilima na ndala za kuogea?"

Nelci akatazama chini. Ndala za bluu za bafuni. Na leo ni Jumamosi, siku ambayo bibi Otília, akimaliza kufagia, huosha nywele. Na kitambaa kiko kwenye kamba.

"Evandro."

"Nini? Mbona umekuja?"

"Koki yetu inapiga shoti."

"Koki ipi?"

"Ya bafuni. Mama anaoga sasa hivi, na ndala ninazo mimi."

Evandro hakungoja buti. Alitoka mbio na soksi zake mpya, akateremka kilima akikanyaga matope, Nelci nyuma yake, ndala mkononi. Alipofika alizima swichi kuu kwa kiganja, nusura aing'oe ukutani.

Kisha kutoka bafuni:

"Nani huyo kanizimia? Nina povu machoni! Koki imeniuma mkono nikadhani ni baridi yabisi, nikaifungua kwa taulo, sasa mnanimwagia barafu!"

Evandro aliegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka chini.

Mama yake alipokwisha kukauka na kulalamika, Evandro alipanda darini. Waya wa kijani ulikuwa palepale alipouacha. Aliufunga, akashuka, akaketi kwenye kizingiti cha bafu. Soksi zilikuwa za rangi ya udongo.

"Tangu lini?"

"Tangu barafu ya kwanza."

"Na hukuniambia? Mama yangu angekufa, Nelci. Ungekufa wewe."

Evandro alikuwa na haki, na haki yake ilimuuma Nelci. Angeweza kumtajia Jandira. Angeweza kumtajia buti zilizopangwa, au Zulmira pale uani. Alijikuta hana haja na hata kimoja. Aliiweka testa kwenye kiganja cha mumewe.

"Kila nyumba unaingia na kuuliza," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuombwa arudie. "Nilikuwa nangoja uniulize na mimi."