Neno "Bure" Kati ya Ndugu Wawili

Mwenye watoto wasiosalimiana asome hili mapema, maana Mama huyu alichelewa.

Mwanawe wa mwisho, Kitinda, alikuwa apasuliwe moyo saa nne asubuhi. Ombi lake lilikuwa moja tu: amwone kaka yake kabla hajaingia. Saa moja na nusu Mama alikuwa ameshafika karakana, kandambili zake kila mguu na rangi yake, Biblia mpya kwapani.

Kaka mtu, Fundi, alikuwa anachomelea geti. Miaka mitatu hakumtia mdogo wake machoni, tangu Kitinda alipomropokea mchumba wa Fundi kwamba kaka aliwahi kufungwa. Uchumba ukafa siku hiyohiyo.

"Mdogo wako anapasuliwa saa nne, anataka akuone kwanza. Soma hapa, mwanangu. Anayemkasirikia ndugu yake, hukumu inamngoja."

Fundi akavua kofia ya kuchomelea, akashusha kutoka juu ya kabati Biblia ya marehemu baba, iliyoliwa na mende pembeni. "Na wewe soma ya mzee. Anayemkasirikia ndugu yake *bure*. Mimi simkasirikii bure, Mama. Hiyo yako wameipunguza."

Neno moja tu! Mwenye geti lile alikuwa ameketi juu ya ndoo akisubiri, naye ni mwalimu wa chuo cha dini.

"Mwalimu, tuamulie," Mama akasema. "Ipi ya kweli?"

Mwalimu akakuna kidevu. "Kigiriki chake ni *eike*. Bila sababu, ovyo, bure. Nakala nyingi za mkono zinalo, baadhi ya zile kongwe kabisa hazina. Wengi wanadhani kuna mwandishi wa nakala aliyeliongeza, apunguze makali."

"Mwandishi huyo alikuwa na mdogo kama wangu," Fundi akasema. Wote wakacheka, hata Mama, kisha akajilaumu.

"Lakini liko na pengine," Mwalimu akaendelea. "Mtume anawaambia watu aliowalea kwa uchungu: naogopa nimewataabikia bure."

"Hilo nalo wanalibishania?"

"Hapo sijasikia ubishi, mama."

"Basi, mwanangu, na mimi nakwambia hilohilo."

Fundi akamtazama, akavaa tena kofia yake. Cheche zikaruka. Mama akasubiri mpaka saa tatu, akaambulia mgongo.

Hospitali alimkuta Kitinda ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu.

"Kaka amesemaje?"

"Yuko njiani, babaangu." Muuguzi akasukuma kitanda ndani ya chumba cha upasuaji, mlango ukajifunga wenyewe.

Saa nne na robo Fundi akatokea mwisho wa korido, mbio, glavu moja bado mkononi.

"Ameshaingia?"

"Ameshaingia."

"Nilikuwa namalizia bawaba. Moja tu, Mama."

Akausukuma mlango. Umefungwa kwa ndani. Mama alitaka kumkaripia, alitaka kumkumbatia, mikono ikakataa vyote. Fundi akajitupa kwenye benchi kando yake, ananuka moshi wa chuma.

"Sijaja bure, eti, Mama?"

Mama akaukodolea mlango macho. Kisha akamvua ile glavu.